Inafanya Kazi Wapi?

Ukimwambia Mwalimu kwamba kitu kinafanya kazi, alikuwa hakupongezi. Alikutazama kwa juu ya miwani, akakuuliza, "Wapi?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mgeni anayeulizia njia. Siku moja tulisimama naye stendi ya Tukuyu, yeye anataka kwenda Kiwira kumwona fundi wa redio, na kijana mmoja wa bodaboda akamchangamkia. "Panda mzee wangu, nikufikishe sasa hivi. Breki zangu ziko poa kabisa."

"Ziko poa wapi?" Mwalimu akauliza. "Hapa stendi, au kule kwenye mteremko na matope?"

"Mzee, breki ni breki tu."

"Basi hujajaribu," alisema Mwalimu, akamshukuru kwa heshima zote, akaenda kutafuta gari. Wenzake yule kijana wakamwita Breki Wapi mwezi mzima, na nadhani wapo wanaomwita hivyo mpaka leo.

Kanisani ilikuwa vivyo hivyo. Kiongozi wa kwaya alitangaza kwamba wimbo wa Pasaka umekaa sawa, naye Mwalimu, ambaye hakuwa hata mwimbaji, akanyoosha kidole: umekaa sawa hapa ndani, au hata mvua ikipiga bati? Watu walicheka. Siku yenyewe mvua ilipiga bati, sauti ya pili ikapotea kabisa, na safari hiyo hakuna aliyecheka.

Nimeanza na vicheko makusudi. Yaliyobaki yananiumiza, na kama ningeanza nayo nisingeandika.

Alitoka ukoo gani na alizaliwa wapi, hayo wenye kuyajua wapo na hayanihusu. Mimi nilimjua akiwa mwalimu wa fizikia aliyestaafu, mwenye chumba kimoja cha kompyuta nyuma ya nyumba yake, kati ya jiko la mkewe na mstari wa migomba. Mkewe sote tulimwita Mama. Chumba kilikuwa stoo zamani, na bado kilinuka mahindi. Tulikuwa tunakwenda pale vijana wachache tuliomaliza kidato cha sita, tunasubiri vyuo, naye akatufundisha kuandika programu bila kutudai chochote zaidi ya kufuta miguu mlangoni. Mimi nilitoka Masukulu, nikapanga kwa shangazi mjini, na kwa mwaka mmoja na zaidi nilikuwa mtu wa chumba kile kuliko wa kwa shangazi.

Kompyuta ilikuwa moja, kuukuu, ya mezani, ganda lake amelivua ili ipate hewa. Lakini Mwalimu alisema ndani yake zimo tatu, na alikuwa hatanii.

Nieleze, maana bila hili hutaelewa nilichokifanya. Ndani ya kila kompyuta kuna prosesa, ndiyo inayosoma amri na kuzitenda, na prosesa si za ukoo mmoja. Ya kompyuta ya mezani ina ukoo wake, ya simu ina ukoo wake. Vile vibao vidogo vya umeme, vyenye ukubwa wa kipande cha sabuni, ambavyo Mwalimu alivipenda kwa sababu ni rahisi na havili umeme, ni vya ukoo wa simu. Programu inayotulia kwa ukoo huu inaweza kukengeuka kwa ukoo ule, na isikuambie kwamba imekengeuka. Hatukuwa na uwezo wa kununua kila aina tuijaribie. Kwa hiyo aliifundisha kompyuta yake kuigiza nyingine: mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayokaa ndani ya ile ya kweli, yenye prosesa ya kuigiza ya ukoo unaoutaka.

Jambo hilo wengi wanalifanya, si uvumbuzi wake. Shida ni kwamba kusimamisha mashine moja ya namna hiyo kulikula siku nzima. Unaweka mfumo, unasubiri, unajibu maswali yake, unasubiri tena, umeme unakatika saa tisa, unaanza upya kesho. Sisi tukawa tunaruka. Tunajaribu kwenye kompyuta iliyo mbele yetu, tunasema tayari.

Mwalimu hakutugombeza. Alijifungia stoo wiki mbili, akatoka na neno moja. "Watu hawadanganyi kwa kuwa ni wabaya," alituambia. "Wanadanganya kwa kuwa ukweli unachelewa. Ukweli ukila siku nzima, nani ataungoja? Sasa nimeufanya wa dakika tano. Nione nani atabaki na kisingizio."

Alichokifanya alikitoa pale nje dirishani, kwenye migomba. Kwa kila ukoo wa prosesa aliandaa mashine moja kamili, akaiita mama, na mama haguswi. Ukitaka kujaribu kitu unaandika *otesha*, halafu jina la ukoo, na mtoto anachipua ubavuni mwa mama: vyote anaazima kwa mama yake, anabeba tu kile kipya ulichomwekea wewe. Ukimaliza unamkata, mama anabaki salama, kesho unaotesha mwingine. Mama watatu walikuwa na majina. Kubwa alikuwa wa ukoo wa kompyuta za mezani. Kibao alikuwa wa ukoo wa vile vibao vidogo. Wa tatu aliitwa Ngeni, wa ukoo wa zamani ambao hakuna mtu Rungwe nzima aliyekuwa nao, unaosoma namba kwa kuanzia upande wa pili.

"Huyu Ngeni ni wa nini sasa?" nilimuuliza.

"Wa adabu," alijibu. "Programu ikipona kwake, imepona."

Kisha palikuwa na kaunta buku, daftari nene la kuandikia majaribio. Jalada lake alilifunika kwa gazeti kama tulivyofanya shule ya msingi. Kila ukurasa ulikuwa na safu: jina la programu, Kubwa, Kibao, Ngeni, tarehe, sahihi. Aliyejaribu ndiye aliyetia tiki, kwa mkono wake. Mwalimu hakuwahi kumtilia mtu tiki, na hakuwahi kurudi nyuma kukagua tiki ya mtu. Hilo nalifikiria mara nyingi. Mtu aliyezipima breki za bodaboda kwa maneno hakuipima tiki yetu hata moja.

Alikuwa na vituko vyake, tena vingi. Alikuwa Mnyakyusa anayeogopa ng'ombe, jambo ambalo kwetu ni kama mvuvi anayeogopa samaki. Kundi likija njiani alisimama pembeni, akainua uso, akajifanya anachunguza mawingu mpaka mkia wa mwisho upite. Hospitali walimkataza sukari, na yeye mpenda ukweli akaficha sukari guru kwenye boksi la nyaya. Sote tulijua. Mama alijua kuliko sote. Jioni moja akiwa anamenya ndizi alimsikia mumewe akijisifu kwetu kwamba hajaonja sukari wiki nzima.

"Hujaonja wapi, baba?" Mama akauliza bila kuinua macho. "Hapa mezani, au na kule stoo?"

Mwalimu alicheka hadi akavua miwani. Nilimpenda sana siku ile. Nilifikiri, hii ndiyo nyumba ambayo mtu anaweza kushikwa na uongo na asife.

Sifa alizibana. Kazi mbovu aliiita kazi mbovu, na kazi nzuri mno, ile iliyokutoa jasho wiki tatu, aliisifu kwa maneno mawili: "Si haba." Kuna waliosoma pale mwaka mzima wasiyasikie. Mimi niliyasikia mara moja. Nitasema nilivyoyapata.

Palikuwa na zahanati ndogo huko milimani, sitaitaja. Nesi wake, mama mmoja mpole mwenye sauti ya chini, alikuja kwa Mwalimu na ombi. Friji lao la chanjo lilikuwa la zamani. Alisoma kipimajoto chake asubuhi na jioni kama alivyofundishwa, lakini aliogopa saa zile ambazo hayupo. Je, Mwalimu hawezi kumtengenezea kitu kitakachokesha badala yake, kilie kengele joto likipanda au baridi ikizidi? Maana chanjo zikipata joto zinaharibika, na baadhi yake zikiganda zinakufa, hata kama zitayeyuka zikaonekana maji yale yale.

Mwalimu alichukua kibao kimoja, waya wa kupimia joto na kengele ya mlangoni. Programu alinipa mimi niiandike. Nilikuwa najiona.

Ijumaa ya mwisho Mwalimu alikwenda msibani, akaniachia ufunguo wa stoo. "Jaribu zote tatu, tia sahihi," alisema. "Kesho tunapeleka." Nikaanza kwa Kubwa. Nikailisha programu namba: nyuzi tano, kimya, ndiyo sawa. Nyuzi kumi na mbili, kengele. Nyuzi mbili chini ya sifuri, kengele. Safi kabisa. Nilikuwa nimeshika kibodi niandike *otesha kibao* simu ilipoita. Dada wa saluni ya Kiwira. Harusi ya binamu yangu ilikuwa kesho yake jioni, na nilikuwa nimeweka zamu ya kusukwa.

"Dada, unakuja au huji? Ukichelewa nampa mwenzio kiti."

"Nakuja," nikasema.

Nikajiambia programu ni ile ile. Nikafungua kaunta buku, nikatia tiki tatu. Ya kwanza ilikuwa ya kweli. Mbili nilizitia nimesimama, begi liko begani. Nikaweka sahihi, nikafunga mlango.

Mwalimu alinipigia jioni nikiwa kwenye kiti, kichwa nusu kimesukwa. "Vipi?"

"Tayari, Mwalimu. Inafanya kazi."

"Wapi?"

"Zote tatu."

"Si haba," alisema.

Hivyo ndivyo nilivyoyapata maneno yale. Nilikaa pale saluni nikitabasamu kwenye kioo kama mjinga.

Kibao kikawekwa, nesi akafurahi, akatupa parachichi kikapu kizima. Ukafika msimu wa baridi, na baridi ya Rungwe mnaijua, ile ya ukungu unaokaa mpaka saa nne. Lile friji likaanza kupitiliza usiku. Lilishuka chini ya sifuri, na kufikia asubuhi nesi anaposoma kipimajoto lilikuwa limekwisha kupanda tena. Kengele haikulia hata usiku mmoja.

Kosa lilikuwa kwenye mstari wangu. Nilihifadhi joto katika chumba kidogo cha kumbukumbu, na kwa Kubwa chumba hicho kinajua namba zilizo chini ya sifuri. Kwa Kibao hakizijui. Nyuzi mbili chini ya sifuri kinazisoma mia mbili hamsini na nne. Na mimi huyo huyo, kwa ujanja wangu, nilikuwa nimeandika mstari mwingine: joto likizidi mia, huo ni waya umetikisika, puuza. Kwa hiyo kila baridi ilipofika pa kugandisha, kile kibao kilipuuza, kwa utii kamili.

Nesi aligundua asubuhi moja alipokuta barafu kwenye lebo ya chupa. Akazijaribu chupa kwa kuzitikisa kama walivyofundishwa, akaona chembe zinazama chini. Kufikia hapo siku mbili za kliniki zilikuwa zimepita. Watoto kumi na wawili walikuwa wamechomwa sindano zisizo na kitu.

Wazazi waliitwa uwanjani pale zahanati. Mwalimu alikwenda, nami nikaenda, nikakaa nyuma karibu na tangi la maji. Nesi alieleza kwa sauti yake ya chini kwamba hakuna mtoto aliyedhurika, ila sindano itarudiwa. Mzee mmoja akasema kwa sauti kubwa kwamba zahanati imewaachia watu wafunge vitu vya kuchezea mahali pa dawa. Ndipo Mwalimu akasimama, kofia mkononi.

"Mgomba haushindwi na mkunguwe," alisema. "Chombo kile kimetoka kwangu. Mimi ndiye niliyesema kiko tayari. Kosa ni langu."

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamwuliza, "Hukukijaribu, Mwalimu?"

"Sikukijaribu, mama yangu."

"Na mwanangu akichomwa tena, utamshika wewe?"

"Nitakuja nyumbani. Nitamshika kama utaniruhusu."

Hakugeuka kunitazama. Angegeuka hata mara moja, nadhani ningesimama. Au labda najidanganya na hapo pia. Nilikaa kwenye kivuli cha tangi, nywele zangu zimependeza, nikajitazama vidole.

Kwa siku tatu Mwalimu na nesi walipita nyumba kwa nyumba, kwa miguu, yeye na goti lake bovu. Alinitumia ujumbe kwamba kama nina nafasi nibebe boksi la barafu. Nikamjibu nina mafua. Mama ndiye aliyenisimulia baadaye, wala hakujua ananichoma: "Alipita katikati ya ng'ombe, mwanangu! Nesi kamshika mkono kama bibi harusi. Kila nyumba anaanza yeye kusema, kosa ni langu, ndipo mtoto achomwe. Kuna mahali wamempa maziwa, kuna mahali hawakumpa hata kiti."

Nyumba kumi na mbili. Mimi nilikuwa kwa shangazi nimejifunika blanketi, sina hata kikohozi.

Niliporudi stoo wiki iliyofuata nilijiandaa kwa maneno. Hayakuja. Alinionyesha programu. "Mstari wa arobaini na moja nimeurekebisha," alisema. "Uuangalie." Nikauangalia. Akaniuliza kama nimekula. Akaendelea kunifundisha kama kawaida, kwa uvumilivu ule ule, mpaka siku nilipoondoka kwenda chuo. Hakunisema kwa mtu yeyote. Nikadhani nimepona.

Ilinichukua muda kuona kilichopungua. Wenzangu wakimwambia kitu kinafanya kazi, aliwauliza, "Wapi?" Mimi nikimwambia kitu kinafanya kazi, alisema, "Haya." Basi. Kisha nikitoka, yeye huotesha Kibao, huotesha Ngeni, anajaribu mwenyewe. Nilijua kwa sababu siku moja nilisahau mwavuli nikarudi kuuchukua, nikamwona kupitia dirishani, uso karibu na kioo cha kompyuta, anaijaribu kazi yangu. Hakuniuliza tena. Kuna matusi niliyowahi kutukanwa nimeyasahau, lakini lile "haya" lake bado nalisikia.

Na sikukoma hapo. Leo nafanya kazi Dar es Salaam, katika kampuni ya programu, na kazi yenyewe ni hii hii: kusimamisha haraka mashine pepe za prosesa mbalimbali ili programu zijaribiwe kabla hazijawafikia watu. Wananisifu kwa wepesi wangu. Njia ninayoitumia ni ya mama na mtoto, ile ya stoo, na sijawahi kumwambia mtu nimeitoa wapi. Siku moja mwenzangu aliniambia, "Dada, inafanya kazi," nikamuuliza, "Wapi?" Ofisi nzima ikacheka. Wakaliandika neno hilo kwenye ubao mweupe, na chini yake jina langu. Nalipita kila asubuhi nikienda kuchota maji ya kunywa. Sijalifuta.

Mwezi uliopita Mama alinipigia simu. Mwalimu macho yamefifia, alisema, anaona vivuli tu, na anawaulizia watoto wake wa stoo. "Hata wewe anakuulizia," akaongeza. Ni ile "hata" iliyonipandisha basi.

Niliwakuta alasiri, mvua inanyesha ile ya Tukuyu isiyo na haraka. Nilibeba mkate na chupa ya asali. Mwalimu alikuwa stoo, kwenye kigoda karibu na mlango, amekonda, kofia ile ile. Kiti chake cha kompyuta kilikuwa kitupu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mwagonile," alinisalimu na kwa Kinyakyusa. Aliinamisha kichwa akisikiliza. "Huyu ni wa Masukulu. Bado unaburuza mguu wa kulia."

Tukazungumza habari za safari, za shangazi, za watoto wa Mama. Chai ikaja. Mama akarudi jikoni. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Dar, nikayarudia njia nzima, lakini yalipotoka yalitoka vipande. Nikamwambia zile tiki mbili. Nikamwambia sikuotesha Kibao wala Ngeni. Nikamwambia sikuwa na mafua.

Hakushtuka. "Najua," alisema. "Nesi aliponipigia asubuhi ile, niliotesha Kibao papo hapo. Nikaona. Nikafungua daftari, nikaona na tiki yako."

"Kwa nini hukunisema pale uwanjani?"

"Wale walikuwa na watoto mikononi. Walitaka mtu mzima wa kumlaumu." Alipapasa kikombe, akakipata. "Wewe nilikuwa nakusubiri. Si siku ile, siku ile uliogopa. Nikasema wiki ijayo. Nikasema mwezi ujao. Halafu ukaenda chuo."

Nililia. Hakunibembeleza, na ningekuwa yeye nisingebembeleza pia.

"Kaa kwenye kiti," alisema baadaye. Hakuna aliyekuwa anaruhusiwa kukaa kwenye kiti kile. Nikakaa. "Ile ya zamani sikuifuta. Iko kwenye folda ya friji. Tazama saa, kisha uoteshe Kibao."

Nikatazama saa ya ukutani. Nikaandika *otesha kibao*. Mashine ikachipua kama zamani, polepole kidogo, mistari myeupe ikipanda kwenye kioo, mvua ikipiga bati juu yetu. Nikaweka ndani programu yangu, ile yenye kosa. Nikailisha nyuzi tano. Nikailisha kumi na mbili, ikalia. Nikailisha mbili chini ya sifuri.

"Mbona kimya?" aliuliza Mwalimu.

"Imesoma mia mbili hamsini na nne. Imepuuza."

"Imechukua muda gani, tangu ulipokaa?"

"Dakika nne, Mwalimu."

Akatikisa kichwa taratibu. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile ya mgeni anayeulizia njia: "Na kusuka kulichukua muda gani?"

Sikujua kwamba alijua. Lakini aliniona kesho yake tulipopeleka kibao, macho yake yakiwa bado mazima, nami nimependeza.

"Masaa matano," nikasema.

Alinyoosha mkono kuelekea rafu, nikamshushia kaunta buku. Gazeti la jalada lilikuwa limegeuka rangi. Nikautafuta ukurasa, nikaukuta, tiki zangu tatu zimesimama sawasawa na sahihi yangu pembeni yake imepindwa kwa maringo. Nikaikata tiki ya pili, nikaandika *haifanyi kazi*, nikaandika tarehe ya leo. Ya Ngeni nikaikata bila kuijaza, nikamwambia hivyo. Akaniambia nisome nilichoandika. Nikasoma. Hakusema si haba.

Ilipofika saa ya kuondoka mvua ilikuwa imezidi. Mama akaniletea mwavuli mkubwa mweusi, akaulaumu kwamba ni mzee. Niliufungua nusu pale mlangoni, nikaona kitambaa kizima, mbavu zote zipo.

"Huu mzima, Mama," nikasema. "Utanifaa."

"Utakufaa wapi?"

Nikageuka. Mwalimu alikuwa pale kwenye kigoda, uso umeelekea niliko, anangoja jibu.

Nikatoka uani. Nikaufungua wote, nikasimama kwenye mvua kubwa kati ya stoo na migomba, nikahesabu taratibu mpaka mia mbili. Maji yakaanza kudondoka begani, tone moja, jingine, mpaka mkono mzima wa gauni ukalowa. Mama alikuwa ananiita niingie ndani. Niliporudi mlangoni nilikuwa natetemeka.

"Unavuja, Mwalimu," nikamwambia. "Upande wa kushoto, karibu na mpini."

"Ndaga," alinishukuru kwa Kinyakyusa. "Ndaga fijo." Kisha akamwambia mkewe aniletee ule mwingine, na huo nao nikautoa nje kwanza.